Mifumo mitatu ndani ya miaka minane: Washington ilivyohamisha hesabu ya bangi halali na hela ilikoenda

Niseme mapema, sijaja hapa kujadili bangi ni nzuri au mbaya. Mi kazi yangu ni stoo, kuhesabu mzigo unaoingia na unaotoka ndo maisha yangu ya kila siku, na kisa cha jimbo la Washington kule Marekani nimekifuatilia kwa sababu hiyo. Sijaona mfano ulio wazi kuliko huu wa serikali kubadilisha mfumo wa kufuatilia mzigo, alafu baadae ikaonekana bei ya kwenye mkataba ilikua kipande tu cha gharama yenyewe.

Novemba 2012 wananchi wa Washington walipiga kura, ile inayoitwa I-502, wakahalalisha bangi kwa watu wa miaka 21 na kuendelea. Maduka ya kwanza yakafunguliwa Julai 2014. Usimamizi ukapewa bodi ya pombe ya jimbo, ambayo 2015 ilibadilishwa jina ikawa bodi ya pombe na bangi, kwa kifupi LCB, mi ntaiita bodi tu.

Sasa shida ni kwamba kwa sheria ya serikali kuu bangi bado haramu. Agosti 2013 wizara ya sheria ya Marekani ilitoa waraka, watu wanauita waraka wa Cole kwa jina la naibu mwanasheria mkuu aliyeusaini, James Cole, na ule waraka ulikua unasema hivi kwa maana yake: majimbo yaliyohalalisha hatutayaandama sana mradi yahakikishe bidhaa haivuki kwenda jimbo lingine, haifiki kwa watoto, na hela haiendi kwa magenge. Utahakikishaje? Kwa kujua kila mche uko wapi. Kwaiyo ule mfumo wa kufuatilia haukua urembo wa ofisini, ndo ilikua kinga ya biashara nzima. Ongeza na ushuru, mana tangu Julai 2015 Washington inatoza asilimia 37 kwenye bei ya rejareja, na kufikia 2021 bangi ilikua inaingizia jimbo zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka. Huwezi kukagua ushuru wa namna hiyo kama hujui nini kiliingia dukani na nini kilitoka.

Mfumo wa kwanza ulitoka kampuni ya BioTrackTHC ya Florida. Mche unapewa namba ndefu ya tarakimu 16, ukivunwa unapimwa ukiwa mbichi, unapimwa tena ukikauka, maua yanapata namba yake, majani ya kutengenezea mafuta yanapata namba yake, takataka nazo zinapimwa kabla ya kutupwa, sampuli inaenda maabara na namba, alafu mzigo ukipanda gari unatembea na manifesti inayotaja gari gani, dereva nani, njia ipi. Mpaka mteja analipa kaunta ndo namba inafungwa. Ni kama mnyororo, kila pete inashika iliyotangulia, na apo ndo penye siri ya gharama zote ntakazozitaja: ukihamisha mnyororo huu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine huhamishi orodha ya bidhaa tu, unahamisha na historia yake yote, na ikikatika sehemu moja tu mzigo uliopo rafuni unakua kama mtoto asiye na cheti.

Mkataba wa BioTrack ulikua unaisha 31 Oktoba 2017. Bodi ikatangaza tenda ya mfumo mpya mapema mwaka huo. Aliyechaguliwa kwanza alikua Franwell, wenye mfumo wa Metrc unaotumika Colorado, Oregon na kwingine, lakini Juni 2017 Franwell wakajitoa, na bodi ikamgeukia aliyefuata, MJ Freeway, na mfumo wao wa Leaf Data Systems. Hesabu miezi mwenyewe. Toka Juni mpaka mwisho wa Oktoba ni kama miezi minne na kitu, na ndani ya hiyo miezi unatakiwa kusaini mkataba, kujenga, kuhamisha data ya miaka mitatu na zaidi ya biashara, kujaribu, kufundisha wenye leseni wote, na kuwapa muda watengenezaji wa programu za dukani waunganishe programu zao na mfumo wa jimbo. Mtu yeyote aliyewahi kuhamisha stoo hata ya duka moja la dawa angekwambia haiwezekani.

Na kulikua na dalili nyingine. Januari ile ile ya 2017 MJ Freeway walikua wameshambuliwa kwenye mitandao na maduka ya wateja wao kwenye majimbo mengi yakakosa mfumo ghafla, wengine wakaandika mauzo kwa kalamu. Sisemi hiyo peke yake ilitosha kuwakataa. Nasema ukishaona hivyo unatakiwa uweke kwenye bajeti hela ya kubaki na mfumo wa zamani ukiwa hai pembeni mpaka mpya usimame. Kwenye stoo zetu tunaita kukaa na funguo mbili.

Hiyo funguo ya pili Washington hawakua nayo. Mazungumzo ya kuongeza muda na BioTrack hayakufika popote, 31 Oktoba ikafika, Leaf haikua tayari, na kuanzia 1 Novemba 2017 jimbo lenye biashara kubwa kiasi kile likawa linafuatilia bangi kwa faili za Excel. Wenye leseni walijaza majedwali wakayatuma kwa bodi. BioTrack nao wakatengeneza mfumo wa muda wa kibiashara wa kufanana na ule wa jimbo ili wateja wao wasikwame, wengi wakautumia. Hali hiyo ilidumu Novemba, Desemba na Januari.

Apa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo kiini. Ile miezi mitatu haiko kwenye mkataba wowote. Hakuna karatasi ya tenda inayosema "siku 92 za majedwali". Lakini kuna watu walioibeba hiyo miezi. Nikafanya hesabu yangu ya makadirio, sio takwimu rasmi, ya kuonyesha ukubwa tu: chukulia kila duka mfanyakazi mmoja anaongeza saa moja kwa siku kujaza jedwali, siku 92, kwa kima cha chini cha mshahara cha Washington ambacho kilikua dola 11 mwaka 2017 na dola 11.50 kuanzia Januari 2018. Inakuja dola 1,027 na senti kwa duka. Jimbo lilikua limeruhusu maduka yasiyozidi 556, kwaiyo kama yote yangekua wazi hiyo ni kama dola laki tano na elfu sabini, kwa maduka tu, kabla hujagusa mashamba na viwanda ambavyo ndo vingi zaidi na kazi yao ya kuhesabu ni ngumu kuliko ya duka. Na hiyo ni saa moja kwa mshahara wa chini kabisa. Mtu aliyewahi kulinganisha jedwali na rafu anajua saa moja haitoshi.

Na bado upande wa serikali. Yale majedwali yakifika bodi nani anayasoma? Mkaguzi aliyezoea kubonyeza namba akaona safari nzima ya mzigo sasa anafungua faili za Excel, kila mmoja kajaza kivyake, huyu kaandika gramu yule kaandika kilo. Huyo mkaguzi analipwa mshahara ule ule lakini kazi aliyokua anafanya kwa dakika inachukua asubuhi nzima. Kwenye vitabu haionekani kama gharama kwa sababu mshahara haujaongezeka. Kilichopungua ni ukaguzi wenyewe.

Mfumo mpya nani aliuchangia? 2017 bunge la Washington lilipitisha sheria SB 5130 iliyopandisha ada za leseni na kuweka ada ya ziada ya muda, dola 480 kwa leseni, kwa ajili ya kupata mfumo mpya wa kufuatilia. Ada ya mwaka iliyowekwa na I-502 ilikua dola 1,000, kwaiyo dola 480 ni karibu nusu yake. Mi sina tatizo na wenye biashara kuchangia, wao ndo wanaofaidi soko halali. Ila weka hizo dola 480 pembeni ya ile 1,027 ya majedwali utaona kitu: ule mwanya wa kati ya mifumo miwili, kwa makadirio yangu ya chini kabisa, uligharimu duka moja zaidi ya mara mbili ya ada ya kununulia mfumo wenyewe.

1 Februari 2018 Leaf ikawashwa. Wiki nne tu kabla, 4 Januari, mwanasheria mkuu wa Marekani wakati ule, Jeff Sessions, alikua amefuta ule waraka wa Cole, yani ile kinga ya serikali kuu imeondolewa na wiki hizo hizo jimbo ndo haliwezi kuonyesha mzigo uko wapi. Sijui kama watu wa nje waliona uzito wa hilo lakini kwa mwenye leseni kule ilikua ni wasiwasi wa kweli, mana karatasi zako ndo utetezi wako.

Siku za kwanza zilikua mbaya. Manifesti hazitokei au zinatokea zimekosea, mzigo unatumwa kwa duka hili unaonekana kwa lile, na kwa sheria mzigo bila manifesti hautoki getini. Alafu ikaja ile ya tarehe 3 Februari: bodi yenyewe ilitoa taarifa kwamba mtu alipenya akapakua nakala ya data ya mfumo na akavuruga uhamishaji wa mizigo. Kwenye vilivyochukuliwa kulikua na njia za magari yanayobeba mzigo kwa manifesti za siku zile za mwanzo, pamoja na namba za magari na namba za chesisi. Fikiria ni biashara ya aina gani hii. Benki nyingi hazitaki hela yao, malipo mengi ni taslimu, na sasa kuna mtu asiyejulikana ana orodha ya gari lipi linapita barabara ipi. Gharama ya kitu kama hicho unaiandika kwenye mstari gani wa bajeti?

Nieleze kidogo kwa nini mzigo uligoma kuhama, mana nje watu wanadhani ni kunakili tu data. Pale kazini kwetu, kampuni siitaji, tuliwahi kubadilisha programu ya stoo. Namba za zamani zilikua za tarakimu tupu, za mpya zina herufi mbele. Lebo mpya tulibandika juu ya ya zamani, na kwa kua ya zamani ilikua kubwa kidogo ncha yake ikabaki inachungulia, sasa skana ikipita mara inasoma ya juu mara inashika ile ncha ya chini, katoni moja inahesabiwa kama mbili au haihesabiwi kabisa. Tulikaa usiku tatu tunabandua lebo kwa maji ya uvuguvugu na visu vya siagi, vidole vimejaa gundi. Nilipokuja kusoma kwamba Washington walitoka kwenye namba za tarakimu 16 za BioTrack wakaenda kwenye vitambulisho vya Leaf vinavyoanza na WA na herufi za aina ya leseni alafu nukta alafu msimbo mwingine, nilijua nini kilitokea kwenye kila stoo ya jimbo lile. Zidisha usiku wetu tatu kwa wenye leseni wote.

Na ni mimea. Dawa ikichelewa wiki rafuni haijali. Maua ya bangi yanazidi kukauka, uzito unapungua, kwaiyo ile gramu uliyoandika kwenye mfumo wa zamani sio gramu utakayopima siku ya kuhamia, na kwenye biashara ambayo upungufu wa uzito unasomeka kama umeuza kimagendo huo ni mzigo wa maelezo juu ya maelezo.

Leaf iliendelea kuyumba. 2019 lilitoka apdeti kubwa ambalo nalo lilileta malalamiko mapya. Na kila apdeti la mfumo wa jimbo ni kazi kwa kila kampuni ya programu za dukani, ambayo nayo inamtoza mteja wake.

Majimbo mengine waligawaje hii gharama? Colorado wanatumia Metrc ya vibandiko vyenye chipu ya redio, na ni mwenye biashara aliyekua anavinunua, kwa bei za miaka ile: senti 45 kwa kibandiko cha mche, senti 25 kwa cha pakiti, na dola 40 kwa mwezi ya kutumia mfumo. Shamba la miche 3,000 ilikua dola 1,350 za vibandiko kwa zao moja, na vikishatumika vilikua vinatupwa. California walienda njia nyingine, jimbo likasaini mkataba wa karibu dola milioni 59 na vibandiko wakapewa wenye leseni bila kulipia. Ukilinganisha bajeti mbili utasema Colorado wamebana matumizi na California wamemwaga hela, wakati kazi ni ile ile, kilichobadilika ni nani anaandika hundi. Wenzetu wa Tanzania walioenda kununua mashine za risiti za kodi, EFD, wenyewe zilipoanza 2010, na wa Kenya waliotoka kwenye mashine za risiti za ETR kwenda mfumo wa eTIMS, hawahitaji kufafanuliwa hili. Mashine isiyo kwenye bajeti ya serikali haijawa ya bure, iko kwenye bei ya unga.

Ndo mana napinga ile tabia ya makadirio ya gharama yanayoishia kwenye mipaka ya ofisi. Washington muswada ukipelekwa bungeni unaambatana na makadirio ya gharama kwa idara za serikali, na ni utaratibu mzuri, natamani tungekua nao kwa nguvu ile ile. Ila unauliza idara itatumia kiasi gani, hauulizi mwanya wa kuhama utakua wa siku ngapi na nani atasimama ndani yake. Kwa mabadiliko ya mfumo wa kufuatilia mzigo hilo ndo swali la kwanza kabisa. Mkataba wa zamani unaisha lini, mpya unaanza lini, itaenda pamoja kwa muda au itaacha mwanya katikati. Ikienda pamoja miezi sita unalipa wawili kwa wakati mmoja na mkaguzi wa hesabu atakuuliza kwa nini. Ikiacha mwanya wa miezi mitatu hakuna atakayekuuliza, kwa sababu waliolipa hawako kwenye vitabu vyako.

2021 bodi ikaamua kuachana na Leaf. Na safari hii hawakutafuta kampuni nyingine yenye mfumo mkubwa zaidi. Walikaa wakauliza kitu ambacho kwa maoni yangu kilitakiwa kuulizwa 2016: sisi kama serikali tunahitaji kujua nini hasa? Jibu likawa hawahitaji kuendesha stoo za watu. Kila biashara ina programu yake ya kuhesabu. Serikali inahitaji ripoti. Kwaiyo wakajenga wenyewe ndani ya ofisi kitu kinaitwa CCRS, kikaanza Desemba 2021, na ni rahisi mno: mwenye leseni anapandisha faili za CSV, kimsingi jedwali la maandishi yaliyotengwa kwa mkato, kila wiki. Akitaka kusafirisha mzigo anapandisha faili la manifesti, mfumo unamtumia kwa barua pepe PDF, anachapa, dereva anaondoka nayo.

Yani walirudi kwenye jedwali. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya jedwali la Novemba 2017 na hili. Lile lilikua la dharura, hili limepangwa, muundo ni mmoja, safu zinajulikana, faili likikosea linarudishwa na sababu. Na gharama za leseni ya programu ya nje, mabishano ya mkataba na kusubiri kampuni irekebishe kosa zimetoka kwenye meza ya bodi.

Ila hazikuyeyuka zote. Zamani mfumo wa jimbo ndo ulikua unabeba taarifa kutoka shamba kwenda kiwandani kwenda dukani, majibu ya maabara yakiwemo. CCRS inapokea ripoti, haibebi taarifa kati ya biashara na biashara. Ikabidi watengenezaji wa programu wakubaliane wenyewe muundo wa kupeana data, na aliye na biashara ndogo asiyetumia programu ya maana anaandika kwa mkono kila anachopokea. Gharama imehama tena, na safari hii pia imeangukia kwa yule yule.

Mi hata hivyo naona uamuzi ulikua sahihi kwa hali waliyokua nayo. Kilichopotea ni kuona mambo yakiwa moto, na umuhimu wa hilo ulionekana Aprili 2023. Bodi ilizuia mizigo ya wenye leseni 18 kando ya mto Okanogan, kwenye eneo la kama maili tano, baada ya vipimo kuonyesha DDE, mabaki ya DDT, ile dawa ya zamani ya kuua wadudu. Ile ardhi zamani ilikua bustani za matunda zilizopigwa DDT miaka na miaka kabla haijapigwa marufuku Marekani 1972, na mabaki bado yako kwenye udongo. Siku kama hiyo unataka kujua kitu kimoja tu, mzigo wa mashamba haya uko rafu gani saa hizi. Manifesti za CCRS zinakwambia ulielekea wapi. Pakiti ngapi zimeshauzwa na ngapi bado ziko kaunta, hiyo iko kwenye faili la wiki, na kama faili la wiki hii bado halijapandishwa inabidi upige simu duka hadi duka, mtu wa stoo aende rafuni akahesabu kwa kidole.